Sauti ya Kuita Mitumbwi

Mama alizaliwa Lundo, kando ya ziwa, akaolewa huku juu Mbinga kwenye kahawa. Kwao walizoea kuwaita wavuvi wakiwa majini, kwa hiyo kila neno alilivuta mwishoni ili lifike. Akituita tule, majirani walicheka: "Mama wa ziwani anaita mitumbwi!" Alikasirika kweli. "Mimi naongea kawaida," alisema. "Ninyi ndio mnameza maneno." Watoto wengine waliweza kujifanya hawajasikia wakiitwa, sisi hatukuwa na ujanja huo.

Nami nilivuta vivyo hivyo, mpaka nilipoanza kazi Dodoma, wenzangu wakawa wananiiga ofisini. Upuuzi mtupu, lakini nilijirekebisha, nikakata maneno kama wao.

Mwaka huu nimerudi likizo. Masikio ya mama yamechoka. Nilimkuta uani akichambua maharage, nikasema nyuma yake, "Shikamoo, mama." Hakugeuka. Nikarudia, akaendelea kuchambua. Ndipo nikaiachia ile sauti ya zamani, ndefu, hadi kwa jirani: "Shikamoo, mamaaa!"

Akageuka, uso umejaa furaha. "Marahaba, mwanangu! Lakini umeanza lini kuongea kama watu wa ziwani?"