Zulfikar Juu ya Lori la Bendera

Zulfikar alizaliwa Mwanza, akauza vitenge Mwanza hadi ndevu zikamwota, na muda wote huo alikuwa akiisifu Uingereza. Alipohamia Toronto miaka ya sabini na kufungua duka la dobi, akaanza kuisifu Mwanza. Sasa amestaafu, anakaa ghorofani Thorncliffe Park, na anaisifu India. Mkewe Farhat, aliyemvumilia kote huko, husema mume wake hajawahi kuipenda nchi aliyomo.

India yenyewe ameiona mara moja tu. Alipanga foleni ya viza kama Mkanada mwingine yeyote, akaenda, akaharisha wiki nzima, akarudi akilaani maji, joto na madereva. Ila ukiipenda nchi kwa mbali tumbo halikuumi. India ikishinda kriketi, Zulfikar huwapigia watu simu kana kwamba yeye ndiye aliyedaka mpira. Ikishindwa haongei na mtu, na hapo ndipo Farhat hupumzika.

Kilichomharibu kabisa ni kamati. Huko North York kuna kikundi cha wazee kinachojiita Umoja wa Fahari ya India, chenye mwenyekiti, makamu lukuki na washauri wasio na idadi, wote na pasipoti za Kanada mfukoni. Farhat alihudhuria mkutano mmoja akaapa kutorudi. Nusu ya muda waliimaliza kwa kuvishana mashada ya maua na kugombea sofa la mbele, maana pale ukubwa wa mtu hupimwa kwa kiti. Wa mbele walihutubia juu ya kujitolea kwa ajili ya taifa, wa nyuma wakaulizana sambusa zinakuja lini. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile madebe matupu yalijaa ukumbi mzima.

Mwaka huu wakamwambia Zulfikar kwamba atapanda lori la bendera kwenye maandamano ya Agosti ya uhuru wa India. Basi nyumbani hakukukalika. Alishonesha koti jeupe, akanunua kilemba cha rangi ya machungwa, akawa anajifunza kupunga mkono mbele ya kioo cha bafuni, mzee mzima.

Na siku hiyohiyo ilikuwa nikaha ya mjukuu wao, Fareen.

Fareen ni muuguzi. Baba yake Moez, mtoto wao wa pekee, alifariki binti akiwa bado shule ya msingi, na Zulfikar ndiye aliyemlea. Alimfundisha kuendesha gari, akalia kuliko wote siku alipohitimu. Hayo Farhat hamnyimi. Sasa Fareen alitaka babu yake akae mahali pa baba. Tatizo ni kwamba bwana harusi, Rehan, kwao Karachi. Ni Mwismaili kama wao, jamatkhana, nyumba ya ibada wanamosali, ni moja, na mababu zake walitoka Kachi, India, kama mababu wa Zulfikar, ila wa Rehan waligeukia Karachi na wa Zulfikar wakaja Afrika. Lakini mwenyekiti wa Umoja alishamwuliza Zulfikar mbele ya watu, huku akicheka, kama kweli anamwozesha mjukuu kwa Wapakistani. Tangu hapo mzee hakutaka kusikia habari za ukumbi wala pilau.

"Baba Moez," Farhat alimwambia, "maandamano yapo kila mwaka. Mjukuu unaye mmoja."

"Taifa limeniita, mama Moez."

"Taifa gani? Hilo linalokudai viza?"

Fareen alikuja mwenyewe, akapiga magoti mbele ya kochi. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza, na siku ile alisema polepole ili babu yake asikose neno. "Dadabapa, nitakuwekea kiti. Wewe njoo tu." Zulfikar alikohoa, akatazama dirishani.

Siku yenyewe Farhat alikwenda peke yake, hasira zimemjaa. Kabla ya nikaha kuanza alifungua simu, maandamano yakawa yanarushwa moja kwa moja. Mumewe huyo juu ya lori, kilemba kimemlalia sikioni, anapunga. Mtangazaji akapaza sauti: "Na sasa tumshangilie mgeni wetu kutoka Afrika, rafiki mkubwa wa India, Bwana Zulfikar!"

Mkono wa Zulfikar ukasimama hewani. Kisha ukaendelea kupunga. Farhat alitaka kucheka, akamwonea huruma, halafu akakumbuka kiti kitupu na huruma ikamwisha. Akazima simu.

Mukhi, anayefungisha ndoa, akauliza nani yuko mahali pa baba wa bibi harusi. Fareen aligeuka akautazama mlango. Ndipo Mzee Hasham, babu yake Rehan, akanyanyuka upande wa pili, akavuka ukumbi akichechemea kwa goti bovu, akakaa kwenye kiti kile.

"Kama bibi yake ataniruhusu," alisema.

Farhat aliitikia kwa kichwa. Fareen akamshika mzee yule mkono, akatia saini.

Zulfikar aliingia watu wakila biriani, kilemba kwapani. Maharusi walikuwa nje wakipigwa picha, na hakuna aliyemwita aungane nao. Alimkuta mkewe mezani, akainama.

"Kiti changu alikikalia nani?"

"Hasham."

"Yule Mpakistani?"

"Yule aliyekuja," Farhat alisema, akaendelea kula.