Funda la Maji Kilimani

Nilipokuwa mtoto, mtu wa kisiwani kwetu aliyekuwa na ndugu aliyechelewa majini hakupanda kilima kinywa kikiwa kitupu. Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, safari ya mtumbwi ya siku nzima kutoka Mwanza, na kilima kilikuwa kimoja tu, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kukipa jina. Tulikiita Kilima. Kilianzia pale pale ufukweni, nyasi chini, mawe juu, na kileleni palikuwa na jiwe bapa lililoelekea Mwanza.

Mtu akichelewa kurudi, ndugu yake alichota maji ya ziwa, akajaza funda moja kinywani, akapanda bila kusema wala kumeza, akayatema juu ya jiwe lile. Kilima kikishapata maji yake, tuliambiwa kinamwombea mtu kwa ziwa. Ukiyameza njiani, ziwa nalo linameza. Naandika haya nikiwa bibi wa watu, naishi Pasiansi, hapa Mwanza mjini, penye bomba na taa, na bado mwili unanisisimka.

Mwaka ule wa Uhuru baba alikwenda Mwanza kuuza samaki wakavu. Aliahidi kuniletea bendera ndogo, maana tulisikia kwamba watoto wa mjini wanapewa. Nilikwisha kuwaringishia wenzangu bendera ambayo sijaiona kwa macho. Usiku wa kuamkia siku ya kurudi kwake upepo ulivuma mpaka asubuhi. Mchana ukapita, baba hakutokea.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nyumbani na bibi, mama yake baba. Mama alikuwa Majita, kwao, amekwenda kujifungua. Akaja Mzee Magesa, jirani yetu mvuvi, akasimama na bibi nyuma ya nyumba wakasemezana kwa sauti ya chini. Alipopita mbele yangu nikamwamkia, "Shikamoo babu." Hakuitikia. Alinigusa kichwa tu, akaondoka.

Bibi alikaa nyuma kule kwa muda. Aliporudi alikuwa amejifunga kanga vizuri.

"Sabina, twende kilimani. Tukampelekee baba yako maji."

"Na wewe bibi?"

"Na mimi. Si ndiye niliyemzaa?"

Tukachota maji, tukajaza vinywa. Siku nyingine mashavu ya bibi yangenichekesha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na mbali wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda angani kwa makundi marefu kama moshi wa nyumba zisizoonekana. Maji yakapata joto kinywani, yakawa na ladha ya matope na samaki. Kwa kuwa hatukusema, nilisikia pumzi zetu tu, na nyasi mbichi zikitugusa miguu. Nikaanza kuona kama ziwa limepanda nasi, kama tunatembea chini yake taratibu, na mtumbwi wa baba unapita juu ya vichwa vyetu. Sikuogopa. Nilitamani tusifike, maana kwa muda wote ule baba alikuwa anarudi.

Kila nilipotaka kugeuka nitazame ufukweni, bibi alinishika kidevu akanirudisha mbele.

Karibu na kilele mjusi mwenye kichwa chekundu akachomoka chini ya mguu wangu. Nikashtuka, na funda zima likashuka tumboni.

Nilijaza mashavu hewa, nikaendelea kupanda, machozi yananitoka. Tulipofika kwenye jiwe bibi akanionyesha kwa kichwa kwamba nianze mimi. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu.

"Bibi, nimemeza," nikasema. "Nimemuua baba."

Alinitazama, mashavu yake bado yamejaa. Kisha nikaliona koo lake likipanda na kushuka, mara moja, halafu tena.

"Na mimi nimemeza," akasema. "Basi si wewe. Wewe mtoto, funda lako halina nguvu. Ni langu."

Akaketi juu ya jiwe, akanifunika na kanga yake, akanibana masikio kifuani. Hata hivyo niliwasikia wanawake wakianza kulia kule chini.

Baba alizikwa siku ile ile. Nami nilimwamini bibi, kama mtoto anavyoamini. Nilimnunia kwa miaka, nikamkwepa, nikasusa vyakula alivyopika. Siku moja nilimwambia usoni kwamba angeyatema tu baba angerudi. Akajibu, "Ni kweli mjukuu wangu," akaendelea kupepeta mtama wake.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa, na bibi amekwisha kufa, ndipo Mzee Magesa aliponieleza kilichosemwa nyuma ya nyumba. Alimkuta baba kwenye matete alfajiri ile. Alikuja kumwomba bibi aniondoe ufukweni kabla hawajamleta.

Kwa hiyo bibi alipanda akijua. Funda lile halikuwa na wa kuokoa, ila mimi.

Jioni ya siku niliyoambiwa niliteremka ziwani hapa Pasiansi, nikachota maji kwa kiganja, nikayatia kinywani. Nilisimama nayo mpaka yakapata joto. Nilikuwa na mengi ya kumwambia bibi yangu, na radhi ya kumwomba. Nikayameza.