Mchambuzi wa Mazimwi na Ripoti ya Jackie

Protus Nalianya alikuwa na sentensi sita. Kwa sentensi hizo alikuwa amefundisha Gredi ya Tano miaka minane katika shule moja ya kibinafsi Kitengela, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kulalamika. "Ni mtoto mzuri, aendelee hivyo." "Anashirikiana vyema na wenzake." "Ana uwezo, aongeze bidii." Zile tatu nyingine zilikuwa dada za hizi. Muhula ukifika ukingoni alizigawa kwenye fomu za ripoti kwa zamu, ya kwanza hadi ya sita, kisha anarudi mwanzo, hadi watoto arobaini na mmoja wawe wamepata haki yao.

Tusimlaumu haraka. Mwenye shule, Bwana Njogu, ambaye walimu wote walimwita Director, alikuwa ametoa amri. Mtaala una ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na ile ya mwisho, mbali na matarajio. Kwa Director ngazi zilikuwa mbili tu, za juu.

"Mzazi akitaka kuona mbali," aliwaambia walimu mkutanoni, "apande juu ya tanki ya maji aangalie Athi River."

Walimu walicheka, maana aliyekuwa anaongea ndiye mwenye shule.

Sasa mtu huyohuyo, ikifika Jumamosi asubuhi, akishakunywa chai yake, aligeuka mtu mwingine kabisa. Alikaa kwenye kochi, akawasha simu, akawa Mchambuzi. Kulikuwa na mchezo wa simu wa mazimwi kupigana. Kila mchezaji anachagua mazimwi yake matatu na kuyaingiza ulingoni moja baada ya jingine, na atakayebaki na zimwi limesimama ndiye mshindi. Mchezo wenyewe ulitoka ng'ambo na majina yake yalikuwa hayatamkiki, kwa hiyo wachezaji wa Kitengela na Kajiado waliyabatiza mazimwi upya. Zimwi lenye kasi, linalopiga kabla hujajipanga na kukunyang'anya silaha, liliitwa Kanjo, kwa heshima ya askari wa kaunti. Zimwi zito lenye mzigo mgongoni, la mwisho kwa kasi katika orodha nzima, liliitwa Mama Mboga, kwa heshima ya wachuuzi wanaofukuzwa na askari hao.

Nalianya aliyachambua yote, na watu elfu tatu na ushee walifuata ukurasa wake. Alikuwa na masharti makali. Hakuandika juu ya zimwi kabla hajapigana nalo mara thelathini, akashindwa nalo angalau kumi. Namba za nguvu na kasi zilizotolewa na wenye mchezo hakuziamini. "Namba zitakuambia zimwi lina nini," aliandika. "Hazitakuambia litafanya nini likiogopa." Kila uchambuzi wake ulieleza zimwi linaanza vipi, linamhofia nani, likichoka linafanya nini. Na kila mmoja ulimalizika kwa kichwa kilekile: Asikabidhiwe nani. Kwa maoni yake zimwi zuri laweza kuharibiwa na mchezaji mbaya, kisha lawama ikatupiwa zimwi.

Mama Mboga peke yake alipata kurasa tatu. Nalianya alisema watu wanamdharau kwa sababu wanamwingiza kwanza. Asianze. Aingie wa pili, apigwe mara mbili bila kujibu, maana kila anapopigwa mzigo wake unazidi uzito, na pigo lake la kwanza baada ya hapo halina dawa. Asikabidhiwe nani? Mtu mwenye haraka.

Mkewe Beverlyne, karani katika ofisi moja ya serikali huko Kajiado, aliusoma akiwa amesimama nyuma ya kochi.

"Baba Shirleen, hii kitu umeiandikia page tatu," alisema. "Mimi birthday yangu uliniandikia herufi tatu, HBD."

Nalianya alisema hayo ni mambo tofauti. Beverlyne alikubali kwamba ni tofauti sana.

Mashindano ya kaunti yalifanyika Kajiado mwezi wa saba, katika ukumbi wa kanisa usio mbali na soko la mifugo. Nalianya alialikwa kukaa mbele na kueleza watazamaji kinachoendelea. Fainali iliwakutanisha kijana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa na Kanjo, na mama wa makamo aliyefika na kikapu. Huyo mama aliitwa Ann Mumbi, na alikuwa na duka la dawa za mifugo Kitengela, ambako alicheza kati ya mteja mmoja na mwingine. Kwenye pambano la mwisho alimwingiza Mama Mboga, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kanjo akapiga. Akapiga tena, akachukua silaha, kama ilivyo kawaida yake. Mama Mboga akasimama tu, mzigo mgongoni. Kisha akajibu mara moja, na yule kijana akavua kofia.

Ann Mumbi alimfuata Nalianya kumshukuru.

"Mchambuzi, nilifuata kila kitu. Hata ile ya kutomwanzisha."

"Ni wewe umecheza, Mama. Mimi niliandika tu."

"Na siku zingine unafanyanga kazi gani?"

Nalianya akataja shule na darasa. Tabasamu la yule mama likakwama njiani.

"Gredi ya Tano? Wewe ndio Mwalimu Nalianya? Mimi ni Mama Jackie. Siku za wazazi huwa namtuma baba yake."

"Ala! Jackie!" alisema Nalianya kwa furaha. "Huyo ni mtoto mzuri."

"Aendelee hivyo," alisema Mama Jackie, wala hakucheka.

Jumatatu Mama Jackie alifika shuleni kabla ya kengele. Aliweka karatasi mbili juu ya meza ya Nalianya. Moja ilikuwa ule uchambuzi wa Mama Mboga, kurasa tatu zilizochapwa na kubanwa pini. Nyingine ilikuwa ripoti ya Jackie ya muhula uliopita, yenye ngazi ya kufikia matarajio katika kila somo na sentensi moja chini.

"Mwalimu, mimi si mtu wa kugombana," alisema. "Lakini soma hizi mbili uniambie. Hii zimwi unajua ikichoka inafanya nini. Mtoto wangu akichoka anafanya nini?"

Nalianya akaivuta ile ripoti karibu, na yule mama akaendelea.

"Nikimpa hesabu nyumbani analia. Anasema yeye ni mjinga. Ripoti inasema yuko sawa. Mmoja wenu ananidanganya, na mtoto hajawahi kunidanganya. Dada yangu yuko Loitokitok, analima nyanya, na amempatia nafasi kwa shule ya huko, arudie Gredi ya Nne pole pole. Shule inafungwa Ijumaa. Jumamosi tunapanda gari ama hatupandi. Niandikie Jackie vile uliandikia hii kitu."

Aliinuka, akaacha karatasi zote mbili mezani. Nalianya alizitia kwenye droo. Alikuwa amekasirika kidogo, kama mtu yeyote anayeambiwa ukweli asubuhi na mapema.

Saa ya chai alichukua karatasi safi na kuandika juu yake: Jackie. Hakupata neno la pili. Alijua ana sweta iliyofumuka kiwikoni. Alidhani anakaa safu ya tatu. Alipoingia darasani akamwona safu ya pili. Alitoa alama zake za hesabu, thelathini na moja kwa mia, kisha ishirini na nane, na karibu aandike kutokana na hizo, ila akakumbuka maneno yake mwenyewe kuhusu namba. Kumbe alikuwa amekaa na mtoto huyu tangu Januari bila kushuka naye ulingoni hata mara moja. Aliona haya, na haya hiyo ikamharibia chai yake.

Basi Jumanne akaanza kumwangalia. Na kwa kuwa binadamu hupenda kurudia kilichowahi kumpa sifa, alikuja na jibu tayari mfukoni: Jackie ni Mama Mboga. Mzito kuanza, hatari akishapigwa. Aliliona jibu hilo kuwa zuri mno. Taabu ni kwamba Jackie hakuwa mzito hata kidogo. Mwalimu alipoandika maswali ubaoni, penseli ya Jackie ilianza kukimbia kabla ya za wenzake, na ikasimama kabla ya zao. Kisha Jackie akachukua raba. Jioni Nalianya alisahihisha daftari lake na kukuta makosa matupu.

Jumatano alisimama karibu zaidi. Swali lilikuwa saba mara thelathini na sita. Jackie akaandika. Nalianya alikuwa anapita kati ya madawati kama kawaida yake, akiinama hapa na pale na kuuliza, "Una uhakika?" Hilo lilikuwa neno lake la kila siku. Mhadhiri mmoja chuoni aliwaambia swali hilo huamsha fikra, naye akalichukua na kulitumia miaka minane kwa kila mtoto, aliyepata na aliyekosa, mara nyingi bila kusoma jibu lenyewe.

"Una uhakika?" alimuuliza Jackie.

Msichana hakuinua macho. Akachukua raba, akafuta, akaandika jingine.

Nalianya alilichukua daftari, akaenda nalo dirishani na kuinua ukurasa kwenye mwanga. Jibu lililoonekana lilikuwa mia mbili arobaini na mbili. Chini yake, mahali penye alama ya penseli iliyokandamizwa, palikuwa na mia mbili hamsini na mbili. Alifungua ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma yake, hadi Februari, hadi Januari. Kurasa nyingine zilikuwa zimefutwa hadi zikatoboka. Alihesabu majibu kumi na tisa yaliyofutwa ambayo bado yalisomeka. Kumi na saba yalikuwa sahihi.

Alisimama pale dirishani mpaka watoto wakaanza kupiga kelele. Moyo ulimuuma, tena haukuuma kwa mambo makubwa ya elimu au ya Director. Ulimuuma kwa sababu ya ile raba ndogo iliyoisha kote.

Alhamisi aliwapa darasa maswali kumi, akaketi, akajifunga mdomo. Haikuwa rahisi. Mara mbili lile swali lilimfika kooni, akalimeza. Jackie alimaliza wa kwanza, akasubiri, akatazama juu kuona mwalimu yuko wapi. Mwalimu alikuwa anatazama ukuta. Raba haikuguswa. Alipata tisa.

Uchambuzi ulijaa kurasa mbili. Anaanza vipi: haraka, kuliko darasa zima. Anamhofia nani: mtu mzima anayesimama nyuma yake. Akiogopa anafanya nini: anafuta kilicho sahihi. Akiachwa: tisa kwa kumi. Haja ya kurudia darasa: hakuna. Na chini kabisa, kwa kichwa kilekile cha siku zote: Asikabidhiwe nani. Mtu anayeuliza "una uhakika" kabla ya kusoma jibu. Mtu huyo hadi jana alikuwa mimi, Protus Nalianya.

Ripoti zote zilipita kwa Director kabla ya kugongwa muhuri. Alisoma mistari mitatu ya kwanza, akafurahi sana.

"Nalianya, hii ni poa! Inaonyesha tunajali. Toa kopi arobaini, badilisha tu majina."

Ijumaa mchana Mama Jackie alisoma karatasi hiyo akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, kikapu mkononi, Jackie ubavuni. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Nalianya alisubiri. Alikuwa amewahi kuandikia watu elfu tatu bila kutokwa jasho.

Mama Jackie akainua macho.

"Mwalimu," alisema, "una uhakika?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka tu kujua. Lakini Nalianya alihisi kila alichokiona kwa macho yake wiki nzima kikisogea. Labda ile ya Alhamisi ilikuwa bahati. Labda alihesabu vibaya pale dirishani. Labda arudie tu Gredi ya Nne, nani amekufa kwa kurudia? Mkono wake ulikuwa tayari umenyooka kuomba karatasi irudi, arekebishe kidogo.

Jackie alikuwa anautazama mkono huo. Aliutazama kama mtu anayejua vizuri mahali unapoelekea.

Nalianya akauweka mfukoni.

"Niko na uhakika," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto wa Gredi ya Tano.

Mama Jackie alikunja karatasi, akaiweka ndani ya kikapu.

"Basi wacha nimpigie dada yangu simu," alisema. "Asingoje mtu kesho."