Picha ya Ukutani

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa mochari ya jiji. Kila marehemu asiyejulikana alimpiga picha mbili. Ya kwanza ilimwonyesha kama alivyoletwa, ikaingia kwenye faili. Ya pili ilitundikwa ukutani koridoni, ambako waliopotelewa na ndugu hupita wakitafuta. Hii ya pili ndiyo aliyoipenda. Zamani alikuwa na studio ya picha za harusi, na mkono haukusahau. Aliosha uso kwa pamba, akafunga vifungo vya shati, akachana nywele, kisha akasogeza kitanda dirishani ili mwanga ufiche uvimbe.

Siku moja aliletwa kijana aliyegongwa na gari, hana hata kitambulisho mfukoni. Mjomba alimlaza nywele kwa mafuta.

"Mzee, huyu unamwoza leo?" mhudumu wa zamu akamtania.

"Hebu nyamaza. Mama yake akija amkute nadhifu."

Jiji huwapa marehemu wasiojulikana siku kumi na nne, kisha huwazika. Kumi na nne, kwa mtu aliyeishi miaka ishirini! Mwavuli uliosahauliwa kwenye ofisi zao hutunzwa zaidi ya hapo.

Siku ya tisa alikuja mwanamke mmoja. Alizipita picha moja moja, macho mekundu. Mbele ya yule kijana akasimama.

"Huyu mtoto wa watu kapendeza," akamwambia mjomba. "Masikini, sijui mama yake yuko wapi."

Akaondoka.

Baada ya wiki tatu alirudi. Safari hii mjomba alimuuliza mwanawe anayemtafuta yukoje.

"Nywele timutimu, baba. Kitana alikiogopa kama sindano. Alipokuwa mdogo, ukimshika kichwa tu, mtaa mzima unajua."

Mjomba akainuka. Akaenda kabatini, akafungua faili, akatoa ile picha ya kwanza.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakupiga yowe.

"Ndiye. Yuko wapi?"

"Ameshazikwa, mama. Kaburi lina namba. Nitakupeleka."

Akatazama picha ya mkononi, kisha ile ya ukutani, muda mrefu.

"Nani alimchana?"

"Mimi."

"Hakulia?"

"Hakulia, mama."

Mjomba aliponisimulia haya niliwaka. Nikasema tulipeleke jiji mahakamani, tuandike magazetini, sheria ya siku kumi na nne ni ya watu wasio na moyo. Bado nasema hivyo. Lakini yeye alinikatiza.

"Mpwa wangu, usinitetee. Yule mama alikuja siku ya tisa."

Alifanya kazi ile miaka sita zaidi. Aliosha nyuso, alifunga vifungo, alisogeza vitanda dirishani. Nywele hakuzigusa tena.