Abiria wa Saa Kumi na Moja

Mume wangu Revocatus ni mtu wa watu, sikatai. Lakini kwa usingizi, Mungu anisamehe, hana mpinzani Kiseke nzima.

Miaka mitatu alikuwa karani wa kuhesabu abiria kituoni kwetu. Mradi wa jiji janja ulimpa kofia, kalamu na karatasi zenye mistari ya saa: kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni, aandike watu wangapi wamepanda daladala kila saa. Kazi ya kukaa, alisema mwenyewe. Mimi nilikuwa nakata minofu ya sangara kiwandani, kule ufukweni, zamu inaanza saa kumi na mbili kamili na mlinzi wa geti hana undugu na mtu. Kwa hiyo kabla ya saa kumi na moja nilikuwa najifunga kanga, miguu imevimba tangu jana, namtikisa: "Baba Winnie, amka ukahesabu." Naye chini ya blanketi: "Aah, saa hizi nani anasafiri?"

Mimi hapo kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikawa nacheka, naenda zangu.

Mwaka huu ratiba ya daladala ikaanza kupangwa na kompyuta. Akili mnemba, wanaiita. Gari la kwanza la Kiseke likawa linafika saa kumi na mbili, wakati geti langu linafungwa. Bodaboda kila siku siiwezi. Nikatembea. Nikachelewa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msimamizi akaniambia bila hata kukunja uso: ya nne, usije.

Nikaenda ofisi ya mradi, Nyamagana, na harufu yangu ya samaki. Binti mmoja, Precious, akanipokea kwa shikamoo na kiti. Nikamweleza shida yangu.

"Mama, mfumo haubahatishi," akasema. "Umejifunza kwa karatasi za miaka mitatu. Kiseke alfajiri ni abiria wawili, watatu."

Akafungua faili. Mwandiko ule naujua, ndio ulioniandikia barua za uchumba. Wawili. Watatu. Wawili. Kila siku ya Mungu.

Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nalala nacho. Nikaaga bila kumtaja. Aibu yake ni yangu pia.

Nyumbani sikupiga kelele. Nguvu za kelele ningezitoa wapi? Nilimwuliza tu: "Baba Winnie, katika wale wawili, mimi nilikuwemo?"

Akainama. "Nilikuwa nakadiria, mke wangu."

Iliniuma sana. Miaka mitatu naondoka ubavuni kwake kwenda kupanda gari, na hakuwahi kuniandika.

Kesho yake aliamka kabla yangu. Tukaenda wote kituoni, akahesabu mtu mmoja mmoja: wauguzi, walinzi, akina mama wa sokoni, sote tumesimama tunasubiri gari ambalo haliji. Sitini na mmoja, nami nikiwemo. Mimi nikaanza kutembea. Yeye, ofisi zilipofunguliwa, akaipeleka karatasi kwa Precious na kukiri yote. Binti wa watu hakumgombeza. Alisema tu kwamba siku moja haiwezi kuishinda miaka mitatu. Ahesabu kila alfajiri kwa miezi miwili, ndipo mfumo utaanza kubadilika.

Siku hiyo nilifika getini saa kumi na mbili na robo. Ilikuwa mara ya nne.

Asubuhi iliyofuata alitoka peke yake. Nilibaki kitandani, mwili unauma kama nimeshinda kazini. Alirudi jua limeshachomoza, akakaa pembeni yangu, karatasi mapajani.

"Wangapi leo?" nikamwuliza.

Akainyoosha karatasi kwa kiganja.

"Sitini," akasema.