Maziwa ya Mpakani

Kwenye mazishi kule Kansay kila mtu alimwita bibi yangu mtu mwema, nami nikauma meno nisiropoke. Bibi huyohuyo alimfukuza shangazi, binti yake wa kumzaa, alipopata mimba kabla ya ndoa, maana mila ilisema angeleta mkosi nyumbani. Shangazi alijifungulia kibandani, pembeni mwa shamba, na kichanga kikafa kwa baridi. Nilikuwa mdogo. Hadi leo, ukungu ukishuka, nakisikia kikilia.

Lakini kila alfajiri bibi alimwachia shangazi kibuyu cha maziwa mpakani mwa shamba, bila kuvuka.

Tulipotoka makaburini nilimuuliza shangazi, aliyemwosha marehemu kwa mikono yake, kama alimsamehe.

“Sijui, mwanangu,” akasema. “Maziwa yake hayakuwahi kunifikia yamepoa.”