Daraja la Tatu la Fundi Rula

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha chuo cha reli, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anasukuma treni ndogo kwa kidole kimoja. Kichwa cha treni kinapita juu ya daraja la mbao. Behewa refu linalofuata linagusa ukingo, linainuka upande, linaanguka mezani.

"La tatu hili," anasema.

Wenzake humwita Fundi Rula. Ana miaka 63, ni seremala wa chuo, na ndiye anayetunza reli hii ya mfano yenye urefu wa mita tisa, ambayo wanafunzi hujifunzia kuongoza treni. Iliundwa na marehemu kaka yake. Mwezi uliopita dari ilivuja, daraja la zamani likalowa na kuvunjika. Mkuu wa chuo amempa hadi kesho saa tatu asubuhi: treni isipozunguka, meza inabomolewa na chumba kinawekwa kompyuta.

"Kaka yangu amebaki hapa tu," anasema Fundi. "Makaburini siendi. Nakuja hapa."

Madaraja yote matatu ameyachonga kwa kufuata mchoro wa kaka yake, milimita kwa milimita. Nafasi ya behewa kupita kati ya kingo hakuipima, yeye mwenye jina la Rula.

"Nianze kupima kazi ya kaka? Niliona kama namvunjia heshima."

Leo ndipo anapoyaleta dirishani mabaki ya daraja la zamani. Ukingo wa ndani, pale kwenye kona, umekwanguliwa kwa tupa. Milimita nne hazipo. Mabehewa marefu yalipoletwa, kaka mtu aliukwangua kimyakimya, na mchoro akauacha ulivyokuwa.

"Alikosea, akanyamaza," anasema Fundi. Anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. "Na mimi alinigombeza maisha yote eti siandiki vipimo!"

Anachukua tupa akwangue la kwake. Ubao, mwembamba kama biskuti, unapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mkewe, mpishi wa chuo, anaingia na chai. "Baba watoto, basi. Umejitahidi."

"Nimejitahidi kuharibu, mama watoto."

"Kunywa chai kwanza."

Mpango anao. Atang'oa droo ya meza yake ya kazi, akate daraja bapa lisilo na kingo wala matao. "Litakuwa baya, kaka angelitupa nje." Lakini gundi yake hukauka kwa saa ishirini na nne, na sasa imekaribia saa nne. Hesabu hiyo anaijua. Amekata tamaa, na hafichi.

Kabla ya kushika msumeno anaukunjua mchoro, anakata kwa penseli upana alioandika kaka yake, milimita arobaini na sita, anaandika namba nyingine pembeni.

"Unamwandikia nani?" mkewe anauliza.

"Atakayenifuata."

Chuo hakijaajiri seremala kwa miaka kumi na minne. Mkewe anajua, Fundi naye anajua.

"Nisomee, macho yangu hayaoni vizuri," anasema Fundi, akimsogezea mchoro.

"Hamsini," mkewe anasoma.

"Haya, sasa iko sawa," anasema Fundi, na anaanza kuing'oa droo.